Mama Barafu: Kutoka Majokofu ya Chanjo Hadi Jikoni Kwake

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika shirika letu la misaada, yote ikiwa ugenini, fundi mkuu wa majokofu ya chanjo amestaafu rasmi tarehe 31 Machi mwaka huu. Kwenye kitambulisho chake cha kazi ana majina matatu kamili, lakini kituoni anajulikana kwa jina moja tu, Mama Barafu, na nikiandika jingine humu wasomaji wataanza kuulizana ni nani huyo.

Mhariri wa jarida hili aliniomba nusu ukurasa. Nilimjibu kwamba nusu ukurasa haimtoshi Mama Barafu hata kwa salamu, kwa sababu yeye akikusalimu huanza na wewe, akapanda kwa wazazi, akashuka kwa watoto, akamalizia kwa kuuliza kama friji yako inagandisha vizuri. Mimi ni mfamasia wa kituo. Nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili, nimekaa naye katika nyumba moja ya watumishi, chumba kwa chumba, na ndimi niliyemsindikiza hadi mlangoni kwake siku aliporudi kwao. Kwa hiyo naandika haya baada ya yeye kufika, wala si kabla ya kuondoka, na nawaomba radhi wote mliotaka yatoke siku ya sherehe ya kumuaga. Siku ya sherehe nilikuwa bado sijui mwisho wake.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa fundi wa mafriji mjini kwao, katika karakana ya mumewe. Mume akafariki watoto wao wawili wakiwa bado wadogo, mmoja wa kubebwa na mwingine wa kushikwa mkono, na karakana ikaenda kwa ndugu wa marehemu. Shirika lilikuwa linatafuta fundi wa majokofu wa kwenda nchi ya mbali kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alimwita mdogo wake, ambaye hakuwa ameolewa, ahamie kwake awaangalie watoto kwa huo mwaka mmoja. Mdogo mtu akaja na sanduku lake. Mwaka wa kwanza ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu, na nyote mnaofanya kazi hizi mnajua jinsi mikataba inavyozaana. Watoto wakasoma, nyumba ikaongezwa vyumba, kijana akaoa na kuhamia mji mwingine, binti akamaliza chuo na kubaki pale pale na mama yake mdogo. Yote hayo yalifanyika kwa jasho la Mama Barafu, na yote yalifanyika yeye hayupo.

Kwa wasomaji wa idara nyingine wanaodhani kazi yake ilikuwa kutupozea soda, nieleze kidogo. Chanjo ni kitu chenye kudeka. Joto likizidi inaharibika, na baridi ikizidi inaharibika pia. Kuanzia ghala kuu hadi kwenye paja la mtoto, lazima isafiri katika ubaridi ule ule, na pakitokea uzembe mahali pamoja tu njiani, muuguzi atamdunga mtoto kitu kisicho na kazi, na mama atarudi nyumbani akiamini mwanawe amekingwa. Watu wengi huogopa joto. Mama Barafu aliogopa zaidi kuganda, kwa kuwa chanjo iliyoganda kisha ikayeyuka ukiitazama hivi hivi unaiona nzima.

Ndiyo maana timu za uwandani zilimjua kwa jambo moja. Asubuhi ya safari, pakiti za barafu zilipotolewa ili kupangwa kwenye vikasha vya chanjo, hakuruhusu zipakiwe hadi zitoe jasho na maji yaanze kucheza ndani yake. Madereva wamewasha magari, wauguzi wamepanda, kiongozi wa msafara anatazama saa, naye amesimama mezani anatikisa pakiti sikioni kama mtu anayechagua nazi sokoni. Ukimharakisha alikujibu kwamba barafu haina bosi. Tulinung'unika miaka yote hiyo, na miaka yote hiyo kituo chetu hakikumwaga kikasha hata kimoja kwa sababu ya kuganda. Vituo vingine vimewahi kutuuliza siri yetu ni nini. Siri ni kwamba tulikuwa na mama mmoja mbishi.

Yeye ndiye aliyetuhamisha kutoka majokofu ya mafuta ya taa kwenda ya sola. Waliokuja juzi hawajui adha ya utambi, jinsi ulivyotoa moshi, jinsi ulivyokatwa kila siku kwa mkasi, na jinsi fundi alivyonuka mafuta hata akiwa kanisani au msikitini. Alipanda mapaa ya zahanati zote za mkoa ule kufunga paneli kwa mikono yake, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wakipanda ngazi kwa kushika ukuta. Amefundisha mafundi ambao leo wanafundisha wengine.

Alikuwa na sheria nyingine isiyo na mjadala, kwamba jokofu la chanjo ni la chanjo. Mkuu wetu wa kituo wa wakati ule, mtu mwema aliyependa shamrashamra, aliletewa keki ya siku yake ya kuzaliwa kwa ndege ndogo iliyokuwa inaleta dawa. Akaona joto litaiharibu, akaisukumia kwenye jokofu, rafu ya chini. Mama Barafu alipoiona hakufoka. Aliitoa kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akaenda kuiweka juu ya meza ya mkuu mwenyewe, mbele ya dirisha, jua likiwa utosini, akafunga mlango polepole. Jioni keki ile tuliinywa. Mkuu naye aliinywa, na tangu siku hiyo kila mgeni aliyefika kituoni alipelekwa na mkuu mwenyewe kuonyeshwa lile jokofu na kuonywa asithubutu.

Na kuna kisa cha mlinzi wa ghala, ambacho kimesimuliwa sana na kutiwa chumvi nyingi, kwa hiyo nakiandika kama kilivyokuwa. Mwaka ule wa machafuko tuliamriwa kuondoka kituoni mara moja, kila mtu na begi moja. Sisi tulipokuwa tunatafuta pasipoti na viatu, Mama Barafu alikuwa anajaza majokofu pakiti za barafu hadi pomoni. Kisha akamwita mlinzi, mwenyeji wa pale ambaye hakuwa anaondoka, akamkabidhi funguo na kumwambia asifungue jokofu kwa hali yoyote. Asimfungulie askari, asimfungulie daktari, asimfungulie hata yeye Mama Barafu mwenyewe akija kuomba, maana huenda akawa amelazimishwa.

Tulirudi baada ya siku chache, mambo yalipotulia. Akaenda moja kwa moja ghalani kabla hata ya kunawa uso, akamkuta mlinzi ameketi, mgongo kaegemeza mlangoni. Akaomba funguo. Mlinzi akakataa. Mama Barafu akabembeleza, akafoka, akatoa kitambulisho. Mlinzi akamwambia, "Mama, ulisema hata wewe." Ilibidi aitwe mkuu wa kituo, na mkuu naye akatakiwa kuapa mbele ya watu kwamba huyu mama hajashikiwa bunduki na mtu. Tulidhani atawaka. Alicheka hadi akakaa chini, na mwezi uliofuata akapendekeza mlinzi yule apelekwe kusomea ufundi. Leo ndiye anayeshika nafasi yake, na namwambia hapa hadharani kwamba bado tunaogopa kumwomba funguo.

Sasa nije kwenye nyumba ya watumishi, kwa sababu huko ndiko mambo yalikoanzia. Ilikuwa na friji moja na watu sita. Kila mtu aliyeweka chochote humo alikibandika plasta nyeupe ya hospitali na kuandika jina lake na tarehe. Kisichokuwa na plasta kilikuwa mali ya umma. Sheria hii haikubuniwa na Mama Barafu, ingawa yeye aliishika kuliko sisi sote. Nyumba zote za watumishi wa misaada nilizowahi kulala zinaishi hivyo. Watu wa kuja na kuondoka hawana njia nyingine ya kuheshimiana. Plasta na kalamu yake vilikaa mkobani mwake daima. Na ole wako usimame umeduwaa mlango wa friji ukiwa wazi. Angekuuliza kutoka chumba cha tatu kama unaangalia sinema.

Mara moja kwa mwaka alikwenda likizo kwao, na akirudi tulimzunguka mezani kusikiliza. Habari zilikuwa nzuri kupita kiasi. Ukoo mzima ulikuja uwanja wa ndege na maua. Chumba chake, ambacho kilifungwa mwaka mzima kikimngoja, kilifunguliwa na kutandikwa shuka mpya. Vikombe vya kabatini vilishushwa. Hakuruhusiwa kugusa sufuria wala ufagio. Mdogo wake alimwamkia asubuhi na kumuuliza atapenda kula nini, na watoto walikaa vizuri kitini bila kubishana mbele yake. Hata habari mbaya zilichujwa kabla ya kumfikia. Mdogo wake alifanyiwa upasuaji wa tumbo, na yeye akaja kujua baada ya miezi, kidonda kimeshakuwa kovu, kwa sababu walisema hawakutaka kumsumbua kazini. Alitusimulia hayo akicheka, na sisi tulicheka naye, kwa maana wengi wetu makwetu ni hivyo hivyo.

Halafu ikaja likizo yake ya mwisho kabla ya umri wa kustaafu. Akiwa nyumbani alinunua pakiti ya maziwa na kuyaweka kwenye friji. Mkono wake, kwa mazoea, ukaingia mkobani, ukatoa plasta, ukaandika jina na tarehe, ukabandika. Akanywa kidogo, akasahau, likizo ikaisha, akarudi kazini. Wiki kadhaa baadaye binti yake akamwambia kwenye simu, kwa utani tu, kwamba hatimaye wamelazimika kuyamwaga yale maziwa yake. Yalichacha zamani. Hakuna aliyethubutu kuyagusa, kwa sababu yalikuwa ya Mama na yameandikwa.

Mchana huo alikuja kwenye dirisha langu la dawa, foleni ikiwa ndefu, akasimama pembeni hadi nilipomwona. Akasema, "Maziwa yamechacha nyumbani kwangu kwa sababu yana jina langu." Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Akaniuliza, "Hivi anayeandika jina lake kwenye maziwa ni mwenye nyumba au ni mgeni?" Wagonjwa walikuwa wameanza kugonga kioo.

Makao makuu yalikuwa tayari kumwongezea mkataba. Alikataa, na hapo ndipo tulipojua kwamba ameshakata shauri. Mkuu wa kituo wa sasa, ambaye anamheshimu sana, alimwambia waziwazi kwamba chumba chake hakitapewa mtu kwa miezi mitatu, na kwamba akiona huko hakukaliki arudi kama mshauri. Hakuwa anamkejeli. Wengi wetu hurudi. Tunastaafu kwa mbwembwe, tunaimbiwa, tunapewa saa ya ukutani, halafu kabla msimu haujageuka tunaonekana tena uwanja wa ndege na begi lile lile, tukidai tumeitwa kwa kazi maalumu. Ukweli ni kwamba tulifika nyumbani tukakuta kila kiti kina mtu wake. Mama Barafu alilijua hilo vizuri, na kile chumba alikubali kiwekwe. Kukubali kwake kuliniuma kuliko hotuba zote za kumuaga.

Aliyemtia hofu zaidi alikuwa mdogo wake. Tangu aliposema kwamba sasa anarudi moja kwa moja, simu zao za Ijumaa zilifupika. Mdogo mtu ambaye zamani alimpa habari za mtaa mzima, nani kaoa na nani kaachwa, alianza kujibu kwa "ndiyo, dada", "sawa, dada", "karibu, dada". Mama Barafu alielewa kwamba hatakiwi. Mimi nilijaribu kumpoza kwamba labda ni mtandao, akanitazama hadi nikaona aibu. Mwanamke yule alikuwa ameiendesha nyumba ile miaka yote, amelea watoto wasio wake hadi wakawa wake, na kila msumari uliokuwa ukutani aliupigilia yeye. Dada akirudi, yeye angekuwa nani pale? Hakuna kati yao aliyekuwa na ujasiri wa kuliuliza hilo, kwa hiyo Ijumaa kwa Ijumaa waliulizana kuhusu mvua.

Likizo yangu iliangukia wakati huo huo na njia yangu ilipita mjini kwao, na kwa kuwa sanduku lake la vifaa lilikuwa zito la kumshinda hata kijana, nikajitolea kumsindikiza. Tulipanda ndege ndogo, kisha kubwa, kisha tukakaa muda mrefu kwenye viti vya chuma vya uwanja ambao haukuwa wetu wala wa wenyeji wetu. Kwenye ukaguzi wa mwisho, mjini kwao, afisa alifungua sanduku lake akitarajia vitenge na zawadi, akakuta spana, mita ya umeme na mipira ya milango ya majokofu. Akamuuliza amekuja kufanya kazi gani. Mama Barafu alifungua kinywa, akakifunga. Kwa miaka yote hiyo swali hilo alikuwa akilijibu hata kabla halijaisha. Mwisho akasema, "Narudi nyumbani tu, mwanangu," na afisa akafunga sanduku bila kuinua macho.

Nje walikuwepo wote, mashangazi, wajomba, binti, majirani wawili, na mbele yao mdogo wake ameshika maua. Vigelegele vikapigwa. Mtu mwingine angechanua kwa furaha. Mama Barafu aliyapokea maua, akawakumbatia wote, kisha akaninong'oneza pembeni, "Umeona? Wamekuja kupokea mgeni." Nyumbani chumba kilikuwa kimefunguliwa, shuka ni mpya, vikombe vya kabatini vimeshashushwa. Mimi nilipewa chumba cha kijana aliyehama. Mdogo mtu alituandalia chakula, akasimama mlangoni mikono ameikunja, akasema, "Karibuni sana, hapa ni kwenu." Alituambia hivyo mimi mpita njia na dada yake mwenye nyumba kwa pumzi moja. Nilimtazama Mama Barafu, naye alikuwa anatazama sahani yake.

Asubuhi nilikuwa sebuleni na binti, tunangoja chai, nilipogundua kwamba mstaafu wetu hakuwa chumbani. Alikuwa ameamka kabla ya wote, akaona jiko halina mtu, akaamua kusaidia kwa njia pekee anayoijua. Aliichomoa friji, akaivuta mbali na ukuta, akatoa kila kilichokuwamo akakipanga mezani, akaanza kuikwangua barafu. Mdogo wake akaingia akamkuta katikati ya shughuli hiyo, akiwa amejifunga kanga kiunoni. Ukuta wa jikoni ni mwembamba. Haya niliyasikia, sikusimuliwa.

"Dada, nani kagusa friji yangu?"

"Nimeigusa mimi. Ilikuwa inakoroma. Umeibana ukutani haipumui."

"Imekoroma miaka minane na haijafa! Nyama yangu iko wapi?"

"Mezani."

"Mezani! Na maharage yangu je?"

"Maharage ya moto hayaingii kwenye friji, mdogo wangu. Unaiua."

"Yalikuwa ya moto jana, dada. Sasa hivi ni leo!"

Binti alikuwa ameshika mkono wa kiti kwa nguvu. Mimi nilitafuta pa kutazama nikapakosa. Sauti zikazidi kupanda, za wote wawili, kisha ya mdogo mtu ikapasuka. "Kama umekuja kuchukua nyumba yako, sema! Sanduku langu lipo, lile lile nililokuja nalo. Majirani wameshaniambia nijiandae. Sema niondoke, lakini usianze kunizunguka kwa friji!"

Mama Barafu akauliza kwa sauti ndogo, "Uondoke uende wapi?"

"Popote."

"Na mimi uniache na nani? Nimefungua makabati yote humu natafuta sukari, sijaiona! Nyumba yangu gani hii ambayo sijui hata sukari inakaa wapi? Nimekuja hapa nimejawa na hofu, nakuomba nafasi, na wewe unanijia na maua!"

"Sasa ulitaka nikujie na nini?"

"Unigombeze! Kama hivi!"

Hapo walilia, nadhani wote wawili. Kisha mdogo mtu akavuta kamasi na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Sukari inakaa ndani ya friji, kwenye kopo la bluu. Kwa ajili ya sisimizi. Umeitoa mwenyewe, hiyo hapo mbele yako." Kicheko kilichofuata nimewahi kukisikia mara moja tu, siku ile mlangoni pa ghala.

Binti alinigeukia macho yamelowa, akaniambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuwasikia hao wawili wakigombana hata kidogo. Nilimwambia ni kwa sababu mgeni hagombezwi. Alitikisa kichwa, akanyanyuka, akaenda jikoni kuwashikia friji irudi mahali pake, na kutokana na kelele nilizosikia walikuwa hawajakubaliana mahali pake ni wapi.

Chai ililetwa kwenye vikombe vya kila siku, changu kikiwa hakina mkono. Tulikula maharage asubuhi ile kwa kuwa yalishatolewa na kila mtu aliogopa kuyarudisha. Tulipomaliza, mdogo mtu aliuliza vyombo anaosha nani, maana yeye ndiye aliyepika. Binti akainuka. "Kaa wewe," akaambiwa, "mama yako yupo." Mama Barafu alikusanya sahani, na mimi niliyemjua kwa miaka kumi na miwili sijawahi kumwona ametembea kwa madaha kiasi kile, hata alipokuwa anapokea cheti cha makao makuu.

Akiwa amenipa mgongo, maji yanatiririka, aliniagiza jambo moja la kikazi, nalo nalifikisha hapa kwa mkuu wa kituo mbele ya wasomaji wote. Amesema kile chumba kipewe mtu. Hahitaji miezi mitatu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa kituoni na wa makao makuu, namshukuru Mama Barafu kwa kila pakiti aliyoisubiri itoe jasho, na kwa watoto wengi wa watu wengine waliokua salama wakati wa kwake wanakua bila yeye. Deni hilo hatuna njia ya kumlipa. Na kwa mdogo wake, ambaye hajawahi kuajiriwa na shirika letu hata siku moja, nasema asante kubwa zaidi, kwa sababu bila yeye tusingekuwa na fundi.

Gari la kunipeleka uwanjani lilipopiga honi nilienda mlango wa jikoni kuaga. Nilitarajia kusindikizwa hadi getini, kama ilivyo ada. Nilimkuta ana povu hadi viwikoni, na mdogo wake amemsimamia, ameinua sufuria anaikagua kwenye mwanga wa dirisha. "Hii bado, dada," akamwambia. "Rudia." Fundi mkuu wa majokofu ya chanjo, aliyewahi kuuweka msafara mzima juani kwa ajili ya barafu, akaipokea sufuria na kuirudia. Kwangu aligeuza kichwa tu. "Safari njema, mfamasia wangu," akasema. "Mlango uuvute mwenyewe, sisi tuna kazi."

Niliuvuta. Mama yetu, sisi tuliobaki tunakuombea afya na umri mrefu humo ndani, na sufuria nyingi za kurudia.